Uzi maalumu: Mambo ya Moshi na Arusha yanayoshangaza kuliko hadithi za vijiweni

Mleta uzi

Wakuu, salaam kwenu mlioko Kaskazini na kwingineko.

Kila siku kwenye makundi ya simu zinapita orodha za "je, wajua". Pweza ana mioyo mitatu, asali haiozi, na kadhalika. Ni kweli na ni mazuri. Lakini mimi ni mkazi wa Moshi, Arusha naenda kila shughuli inaponipeleka, na naona eneo hili letu, kuanzia Himo mpaka Monduli, lina mambo yanayozidi hayo, ila tunayapita tu. Mengine tunayasimulia sana, lakini tunasimulia toleo la uongo wakati toleo la kweli ndilo tamu zaidi. Nimeona nilete uzi tuyaweke sawa, na mwenye la kuongeza aongeze.

Naanza na Erasto Mpemba. Kwangu huyu ndiye namba moja.

Mwaka 1963 Mpemba alikuwa kidato cha tatu Magamba, kule Lushoto. Wanafunzi walikuwa wanatengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unaacha yapoe, ndipo unaingiza kwenye friza. Nafasi ilikuwa ya kugombania. Siku hiyo mwenzake mmoja akaruka hatua ya kuchemsha, akakoroga sukari kwenye maziwa baridi na kuwahi kuweka. Mpemba akaona akisubiri yake yapoe atakosa nafasi, akayatia yakiwa ya moto vilevile. Baada ya kama saa moja na nusu wakafungua. Ya Mpemba yameganda, ya mwenzake bado ni uji mzito.

Akamuuliza mwalimu. Akajibiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani.

Kijana hakuliachia hapo. Akawauliza watengeneza aiskrimu wa Tanga mjini, nao wakamwambia wanatumia mchanganyiko wa moto makusudi ili wamalize haraka. Alipofika Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu ya sekondari, akafundishwa kanuni ya Newton ya kupoa kwa vitu, akauliza tena. Safari hii mwalimu akasema hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Darasa likapata pa kumshikia: akikosea hesabu, wanasema hiyo ni hesabu ya Mpemba.

Kisha Dk. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Chuo Kikuu Dar es Salaam, akaalikwa kuzungumza Mkwawa. Ulipofika wakati wa maswali Mpemba akasimama. Ukiwa na vyombo viwili vinavyofanana, maji kiasi kilekile, kimoja nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, ukaviweka kwenye friza, cha nyuzi 100 kinaganda kwanza. Kwa nini? Wenzake wakacheka. Osborne akaahidi kulijaribu akirudi Dar, na alipojaribu, jambo likatokea. Mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja kwenye jarida la kitaaluma la ufundishaji wa fizikia, na mpaka leo dunia nzima inaliita jambo hilo kwa jina la Mpemba.

Sasa Moshi inaingiaje? Makala ilipotoka, Mpemba alikuwa mwanafunzi wa Chuo cha Wanyamapori Mweka, hapo juu tu kwenye barabara ya kuelekea mlimani. Jina la chuo hicho limo kwenye makala yenyewe. Na maisha yake ya kazi hayakuwa maabara. Alikwenda kuhudumia wanyamapori.

Aristotle aliwahi kuandika kitu cha namna hiyo zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na Bacon na Descartes nao walikigusa. Lakini aliyewarudisha wanasayansi mezani ni huyu kijana wa aiskrimu. Mwaka 2012 Chama cha Kifalme cha Kemia cha Uingereza kiliitisha shindano la kutoa maelezo, yakaja majibu zaidi ya 22,000. Wapo wanaosema maji ya moto hupoteza mvuke hivyo yanabaki machache, wapo wanaosema ni hewa iliyoyeyuka ndani ya maji, wapo wanaosema chombo cha moto kinayeyusha barafu chini yake na kushikana vizuri na friza. Mwaka 2016 watafiti wengine wa Uingereza wakapima kwa makini wakasema kwenye maji hawalioni kabisa. Halafu 2020 wengine wakalionyesha wazi, si kwenye maji bali kwenye chembe ndogo sana zilizosukumwa kwa mwanga wa leza. Yaani swali la mtoto wa shule bado linawasumbua maprofesa.

Mdau wa Soweto, Moshi

Mangi, hii ya Mpemba ni nzito. Mimi nauza maji ya kugandisha dukani. Ina maana niwe naweka ya moto kwenye friza ili yagande chap?

Mleta uzi

Hapana mangi, usifanye hivyo. Kwanza halitokei kila mara, linategemea chombo, maji yenyewe na friza. Pili, maji ya moto yanapandisha joto la friza nzima, yale yaliyokwisha kuganda yanaanza kulegea, na mashine inafanya kazi muda mrefu zaidi, luku inakwenda. Ukitaka yagande haraka tumia vifuko vidogo bapa, uvipange kwa nafasi hewa ipite katikati.

Mdau wa Old Moshi

Endelea mkuu. Ile ya Malkia Victoria kumzawadia mjukuu wake Mlima Kilimanjaro siku ya kuzaliwa ipo kwenye orodha yako? Wageni wanaambiwa hiyo kila siku.

Mleta uzi

Ipo, na naiweka kwenye fungu la uongo.

Ukitazama ramani unaona mpaka wetu na Kenya umenyooka kutoka Ziwa Victoria, halafu ukifika mlimani unapinda, unauacha mlima kwetu, kisha unashuka pwani na kuiacha Mombasa kwao. Kona hiyo ndiyo iliyozaa hadithi. Lakini mgawanyo ulifanywa kwenye makubaliano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886. Wakati huo mjukuu anayesemwa, Wilhelm wa Ujerumani, alikuwa bado hajawa mfalme. Babu yake ndiye aliyekuwa kwenye kiti, na yeye alikipata mwaka 1888. Hakuna zawadi wala sherehe yoyote hapo. Kulikuwa na watu mezani Ulaya: Mwingereza anataka bandari ya Mombasa, Mjerumani ameshatangulia kuweka mikataba na watawala wa huku. Mangi Rindi, yaani chifu wa Moshi, alikuwa amempokea Mwingereza Harry Johnston mwaka 1884, na mwaka uliofuata akawapokea Wajerumani. Kila upande ukarudi kwao na karatasi.

Hadithi ya zawadi inanikera kwa sababu inaufanya mlima uwe kitu cha familia ya kifalme, na watu waliokuwa wanaishi hapa wanatoweka kwenye habari. Mjukuu wa Malkia anajulikana na kila mgeni. Mangi Meli, mwana wa Rindi, aliyenyongwa na Wajerumani hapo Old Moshi tarehe 2 Machi 1900 pamoja na wenzake, je? Na kwa kuwa unatoka huko, mkuu, unajua familia bado inatafuta fuvu lake Ujerumani.

Mdau wa Old Moshi

Kweli kabisa. Mti aliponyongewa upo, na wazee wetu bado wanaisimulia siku hiyo. Asante kwa kumtaja.

Mdau wa Marangu (mgumu wa mlimani)

Wakuu, mimi ni mgumu, yaani mbeba mizigo, napandisha wageni. Naongeza la kwangu. Kule juu maji yanachemka kabla hayajawa ya moto sawasawa. Unaona yanatokota kwa nguvu, unatia mchele, unasubiri mpaka unachoka. Wapishi wageni kazini wanafikiri gesi ni mbovu.

Mleta uzi

Hili ni zuri sana, na umelishika kwa mikono yako. Maji yanachemka pale mvuke wake unapoweza kuisukuma hewa iliyoyakandamiza. Ufukweni Tanga hewa ni nzito, inabidi maji yafike nyuzi 100. Kileleni Uhuru, mita 5,895, mgandamizo wa hewa unakaribia nusu ya ule wa pwani, kwa hiyo maji yanatokota yakiwa kwenye nyuzi 80 hivi. Ukiongeza moto hayapandi tena, yanakwisha tu kwa mvuke. Chakula kinaivishwa na joto, si na kutokota. Hata Arusha mjini, kwenye mita kama 1,400, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, na ndiyo maana sufuria ya maharage inachukua muda kuliko Dar. Presha kuka inarudisha ule mgandamizo uliopotea.

Nawe mkuu, mnafanyaje na maharage?

Mdau wa Marangu (mgumu wa mlimani)

Maharage makavu hatuhangaiki nayo kambi za juu. Yanapanda yakiwa yameshaiva, huko ni kupasha. Ugali unakubali, ila unausonga muda mrefu. Na chai ya juu ni ya kunywa mara moja, inapoa upesi kwa baridi, na majani hayakolei kama nyumbani.

Mdau wa Ngaramtoni

Arusha tusisahaulike. Mnara wa saa ni katikati ya Cairo na Cape Town!

Mleta uzi

Kaka, hiyo tumekuzwa nayo, lakini chukua ramani na rula. Cape Town iko magharibi mbali sana kuliko Cairo, kwa hiyo ukivuta mstari ulionyooka katikati yake inaangukia ndani ya Kongo, mashariki yake. Mnara unasifiwa kama nusu ya safari ya ile barabara ndefu ya zamani, na urefu wa barabara unategemea umepita njia gani.

Arusha ina sifa nyingine ambayo haihitaji kuongezewa chumvi, na inanishangaza haisemwi. Dunia ilitunga mkataba wa kuzuia mauaji ya kimbari mwaka 1948. Ikapita nusu karne bila mahakama yoyote ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa hilo. Aliyekuwa wa kwanza ni Jean-Paul Akayesu, meya wa Taba huko Rwanda, na hukumu ilisomwa Arusha tarehe 2 Septemba 1998, na mahakama ya kimataifa ya Rwanda iliyokuwa ndani ya majengo ya AICC, kile kituo cha mikutano. Hukumu hiyohiyo ndiyo ya kwanza kutamka kwamba ubakaji unaweza kuwa sehemu ya mauaji ya kimbari. Wanafunzi wa sheria duniani kote wanaisoma. Sisi tunapita pale na daladala.

Mdau wa Tengeru

Mkuu, ongeza ya kwetu: makaburi ya Wapolandi.

Mleta uzi

Nilikuwa naiandaa hiyo, na hapa naomba mnivumilie, ni ndefu kidogo.

Ukiingia eneo la chuo cha mifugo Tengeru kuna makaburi yaliyozungushiwa ukuta, misalaba imepangwa safi, majina ya Kipolandi, karibu makaburi 150. Unajiuliza Wapolandi walifuata nini chini ya Mlima Meru.

Mwaka 1939 Poland iligawanywa kati ya Ujerumani ya Hitler na Umoja wa Kisovyeti. Mwaka 1940 Wasovyeti wakaanza kuwasomba raia wa mashariki ya Poland kwenye mabehewa na kuwapeleka Siberia na Kazakhstan kufanya kazi ngumu. Wengi walikufa kwa baridi na njaa. Juni 1941 Hitler akawageukia Wasovyeti, na ghafla Wapolandi wakawa washirika. Wakaruhusiwa kuondoka. Wanaume wenye nguvu wakaingizwa kwenye jeshi, wanawake, watoto na wazee wakavuka kwenda Iran. Kutoka hapo Uingereza ikawatawanya kwenye makoloni yake, na mwaka 1942 wakaanza kuingia Tanganyika.

Kambi ya Tengeru ilifikia watu kama 5,000, miongoni mwa kubwa kabisa barani Afrika. Waliishi kwenye vibanda vya mviringo, wakawa na shule, kanisa, shamba na karakana. Fikiria mtoto aliyetoka kwenye theluji ya Siberia anajifunza kusoma kwenye kivuli cha migomba ya Wameru. Vita vilipokwisha mwaka 1945 nchi yao ikabaki chini ya Wasovyeti walewale waliowasomba, hivyo wengi hawakuwa na pa kurudi. Walitawanyika Uingereza, Kanada, Australia. Wachache sana walibaki hapa mpaka kufa.

Na wakati kambi ile inafungwa taratibu, mwaka 1951, serikali ya kikoloni iliwaondoa Wameru kama 3,000 kwenye ardhi yao Engare Nanyuki ili kuwapisha walowezi wa kizungu. Kirilo Japhet akasafiri mpaka New York mwaka 1952 kulalamika mbele ya Umoja wa Mataifa. Mlima mmoja, miaka michache tu, wageni waliofukuzwa kwao wanapewa pa kukaa na wenyeji wanafukuzwa pao. Mambo haya mawili nadhani yangefundishwa pamoja.

Mdau wa Tengeru

Nakazia. Wajukuu wao bado wanakuja kutafuta majina. Makaburi yanatunzwa vizuri, nawakaribisha.

Mdau wa Mererani

Haya, na sisi wana Apolo, wachimbaji wadogo wa huku. Watu wanadhani Tanzanite inatoka ardhini ikiwa bluu. Nyingi inatoka kahawia, kama kipande cha chupa chafu. Bluu inakuja baada ya kulipika jiwe.

Mleta uzi

Asante, mtu wa ndani kabisa. Kwa wasiojua, kulipika ni kulipasha kwenye tanuru kwenye nyuzi 500 hadi 600 hivi, taratibu lisipasuke. Rangi inatokana na madini ya vanadi yaliyomo ndani yake kwa kiasi kidogo sana, na joto linabadilisha hali ya vanadi hiyo. Ukiligeuza jiwe ambalo halijapikwa kwenye mwanga unaona rangi tatu kufuatana na upande: bluu, zambarau na kahawia. Yapo machache ambayo ardhi yenyewe imeshayapika.

Kuna simulizi kwamba radi iliunguza nyasi na wafugaji wakakuta mawe yamekuwa bluu. Inapendeza, ila anayetambuliwa na serikali kwamba aligundua ni Jumanne Ngoma, mwaka 1967, na alitambuliwa hadharani mwaka 2018, akiwa mzee, chini ya mwaka mmoja kabla hajafariki. Zaidi ya miaka 50 jiwe linavaliwa duniani kwa jina lililotolewa na kampuni ya vito ya Marekani mwaka 1968.

Mdau wa Usa River

Jamani, na mimi nina swali la kweli, nisaidieni. Nimehamia Usa na mwanangu wa miaka mitatu. Majirani wengi meno yao ni ya kahawia, wanasema ni maji. Mimi nachemsha maji yote tunayokunywa. Inatosha? Na mimi meno yangu yatabadilika?

Mleta uzi

Dada, umeuliza jambo muhimu kuliko yote niliyoleta leo.

Maji ya kuzunguka Mlima Meru yanapita kwenye miamba ya volkano yenye floraidi nyingi. Floraidi kidogo inaimarisha meno, ndiyo maana imo kwenye dawa ya meno. Ikizidi inaharibu. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na kuna vyanzo vya huku vinavyopita hapo mara nyingi.

Kuchemsha kunaua vijidudu, na uendelee kuchemsha. Lakini floraidi haiondoki kwa kuchemsha. Maji yanapungua kwa mvuke, yenyewe inabaki palepale, kwa hiyo ukichemsha muda mrefu unaizidisha. Magadi ya kulainishia maharage na makande nayo mengi yana floraidi, ukiweza acha kuyatumia kwenye chakula cha mtoto. Maji ya mvua karibu hayana kabisa, kwa hiyo tangi la kuvunia maji ya bati ni mkombozi. Pia kituo cha utafiti Ngurdoto, hapo jirani na wewe, wanafahamu kazi ya kuondoa floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mifupa iliyochomwa vizuri inainasa floraidi maji yanapopita. Na Dk. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela hapo Arusha alitengeneza chujio kwa ajili ya shida za maji ya aina hii, akashinda tuzo ya uhandisi ya Afrika mwaka 2015, mshindi wa kwanza kabisa wa tuzo hiyo.

Kuhusu meno: rangi ile inaingia jino likiwa bado linajengwa ndani ya fizi, mpaka umri wa kama miaka minane. Yako yameshajengwa, hayatakuwa kahawia kwa maji ya Usa. Ya mwanao ya ukubwani yanajengwa sasa hivi. Ila mifupa haichagui umri. Floraidi nyingi kwa miaka mingi inaiumiza hata ya mtu mzima, na watoto wengine wa ukanda huu miguu yao imepinda kwa ajili hiyo. Peleka maji ya bomba lako yapimwe ujue kiasi chake, maana vyanzo viwili vya kijiji kimoja vinaweza kutofautiana sana. Na wakati unasubiri majibu, maji ya kunywa na kupikia ya mtoto yawe ya mvua au ya chanzo kilichokwisha kupimwa.

Mdau wa Usa River

Asante sana kaka. Bati tunalo, kesho naulizia bei ya tangi na mifereji.

Mleta uzi

Sawa dada. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iache ioshe bati kwanza, usiikinge.